Ndoo ya Lita 20 Kabla ya Katalogi: Niliyojifunza Kuhusu Kuhamisha Unga na Punje Viwandani

Wenye viwanda vidogo na vya kati wa Mbeya, Iringa, Makambako na Njombe wanaponiita kwa ushauri, swali lao la kwanza karibu daima huwa ni lile lile: tununue skrubu, elevata ya ndoo, mkanda, au mabomba ya blowa? Skrubu hapa ni bapa la chuma lililojisokota, linalosukuma unga likizunguka ndani ya mfereji; elevata ya ndoo huinua mzigo kwa vindoo vilivyofungwa kwenye mkanda wa wima; na blowa ni mashine ya kusukuma au kufyonza hewa inayobeba unga ndani ya bomba. Wengine wanakuwa tayari wana katalogi mezani na wamekwisha kupewa bei. Ombi langu kwao halibadiliki: niletewe ndoo ya lita 20, mizani, kiasi cha kutosha cha kitu kinachotakiwa kuhamishwa, na mtu anayekishika kitu hicho kila siku. Katalogi tutaifungua baadaye. Sisemi hivi kwa kudharau mitambo, kwani kila mmoja kati ya hiyo iliyotajwa ni mzuri mahali pake. Nasema hivi kwa sababu katika Nyanda za Juu Kusini nimeona mitambo mizuri ikishindwa kazi kwa kupewa unga ambao haikutengenezwa kuubeba.

Nilianza ufundi mitambo katika kinu cha sembe mjini Mbeya, nikahamia kiwanda cha chakula cha mifugo mkoani Iringa, na baadaye nikawa naitwa huku na huko: kwenye mashine za mpunga za Mbarali, kwenye maghala ya mbolea, na kwa wachoma chokaa wa bonde la Songwe. Kazi hizi zinatofautiana kwa bidhaa na kwa wateja, lakini zote zina jambo moja. Kitu kinachohamishwa si maji wala si jiwe. Leo kinatiririka, kesho kinajikaza, na kikichanganyika na hewa kinakuwa na tabia ya tatu tofauti kabisa.

Kipimo cha ndoo hufanyika hivi. Ndoo hujazwa taratibu bila kutikiswa, juu yake hupitishwa rula ndefu ili pawe sawa, kisha hupimwa na uzito wa ndoo tupu ukatolewa. Baada ya hapo ndoo hugongwagongwa sakafuni mpaka unga uache kushuka, hujazwa tena hadi ukingoni, na kupimwa mara ya pili. Mahindi makavu, yaliyofika unyevu wa asilimia 13.5 unaokubalika katika viwango vya Afrika Mashariki, hutoa takriban kilo 14 hadi 15, na kugonga ndoo hakubadilishi sana hesabu hiyo. Sembe hutoa kilo 10 au 11 ikiwa imemiminwa tu, na ikigongwa inaweza kufika 14 au zaidi. Pumba hazizidi sana kilo 5. Saruji huanza karibu na kilo 20 na hupanda karibu na 30. Ukigawanya uzito wa pili kwa ule wa kwanza unapata namba inayosema mengi: ikiwa chini ya 1.25, kitu hicho kwa kawaida hutiririka vizuri, ikipita 1.4, tegemea kwamba kitajikaza juu ya mlango wa hopa (tangi lenye umbo la faneli) na kuacha pango chini yake, huku skrubu ikizunguka bila kubeba chochote.

Baada ya hapo namwaga kiasi sakafuni na kupima mwinamo wa kichuguu kinachojijenga. Mahindi husimama kwenye nyuzi 25 hivi. Unga laini huweza kusimama kwenye 45 na kuzidi. Kisha nauminya mkononi na kufungua kiganja. Unga ukibaki na alama za vidole vyangu bila kupasuka, najua kwamba kuta za hopa zitatakiwa kuwa na mteremko mkali na sura laini, na kwamba mabomba membamba yatatutesa. Mwisho huacha ndoo ikiwa imejaa usiku kucha, juu yake nimeweka kibao na jiwe zito, ili asubuhi nione kama unga unatoka ukiwa unga au ukiwa tofali. Katika ghala moja la mbolea upande wa Njombe, asubuhi ya masika, nilipindua ndoo ya yurea na mbolea ikatoka ikiwa na umbo la ndoo, ikasimama sakafuni bila kuanguka. Yurea huanza kuvuta unyevu wa hewa pale unyevu huo unapopita takriban asilimia 73 kwenye joto la nyuzi 30, na ghala lile lilikuwa na madirisha wazi wakati wa mvua. Hakuna konveya ambayo ingetibu tatizo la madirisha.

Mtu anayekishika kitu kila siku ana elimu ambayo mizani haina. Kule Iringa nilifanya kazi na mzee aliyekuwa mchanganyaji wa chakula cha kuku tangu enzi za koleo na sakafu. Tulipokuwa tunapanga kuhamisha mashudu ya alizeti kwa skrubu ndefu, alichota konzi moja, akainusa, akaniambia: "Mhandisi, haya unayaona Agosti. Subiri Februari, yatashikana kama ugali." Nilimwuliza, "Mzee, yanashikana kwa mvua au kwa mafuta?" Akanijibu kwamba ni kwa vyote viwili, kwa sababu mashudu yanayotoka kwenye mashine ndogo za kukamua hubaki na mafuta mengi, na mafuta hayo yakikutana na unyevu hujipaka kwenye chuma. Tulifupisha skrubu, tukaongeza upana wake, tukaweka milango ya ukaguzi katika kila urefu wa mita mbili. Tangu hapo nimezoea kuomba sampuli mbili, moja ya kiangazi na nyingine ya masika, hata kama kufanya hivyo kunachelewesha ununuzi.

Uzito wa ndoo ndio unaozaa hesabu ya mtambo, na hapa ndipo wanunuzi wengi huingia hasara. Skrubu, elevata na mnyororo wa kuburura hubeba ujazo, si uzito. Chukua skrubu yenye kipenyo cha milimita 200, hatua (umbali kati ya msokoto mmoja wa bapa na unaofuata) ya milimita 200, inayozunguka mara 80 kwa dakika, na mfereji wake umejaa asilimia 30. Itahamisha takriban mita za ujazo 9 kwa saa. Kwa sembe yenye kilo 550 kwa mita moja ya ujazo, hizo ni tani 5. Kwa pumba zenye kilo 250, skrubu hiyo hiyo inatoa tani 2 na kidogo. Muuzaji aliyeandika "tani 5 kwa saa" hakudanganya; aliandika kwa ajili ya kitu kingine. Vilevile skrubu ikiinuliwa hupoteza uwezo haraka: kwenye mwinamo wa nyuzi 15 upungufu ni kama robo, na kwenye nyuzi 25 ni zaidi ya nusu, isipokuwa hatua ifupishwe, mwendo uongezwe na mfereji ugeuzwe kuwa bomba la duara. Kwa sababu hiyo naitumia skrubu kwa masafa mafupi yaliyo tambarare au karibu na tambarare, na kwa kulisha kitu kwa kipimo, kazi ambayo inaifanya vizuri sana.

Jambo lililonifunza zaidi lilitokea mjini Mbeya. Mama mmoja mwenye kinu cha sembe alikuwa amekwenda Dar es Salaam, akaona kiwanda ambacho unga unapita ndani ya mabomba safi yanayokunja kona juu ya dari, hakuna vumbi sakafuni, hakuna mnyororo unaopiga kelele. Alirudi na nakala ya bei ya mtambo ule ule: tani 5 kwa saa, umbali wa mita 18 na kimo cha mita 9. Tulikaa ofisini kwake na kalamu. Nilimwambia, "Mama, mtambo huu ni mzuri, lakini umepimwa kwa hewa ya pwani."

Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa ambalo pwani ni kilopaskali 101, hapa ni 82 na kidogo, na mita moja ya ujazo ya hewa ambayo pwani ina uzito wa karibu kilo 1.2 kwenye joto la nyuzi 20, hapa haifiki kilo 1. Hewa yetu imepungua kwa karibu moja ya tano. Feni inayozunguka kwa mwendo ule ule hutoa shinikizo dogo kwa kiasi hicho hicho. Blowa ya rota mbili husukuma ujazo ule ule, lakini ndani yake kuna hewa kidogo, na hewa nyepesi hushika punje kwa udhaifu, hivyo mwendo ndani ya bomba hulazimika kuongezwa ili unga usidondoke na kulala chini. Kwa mifumo ya kufyonza hali ni nzito zaidi: blowa inayoweza kugawa shinikizo la hewa mara mbili itafyonza kwa nguvu ya kilopaskali 50 pwani, na hapa itaishia 41. Hata mota ina jambo lake, kwani kwa kawaida nguvu inayoandikwa kwenye kibati chake hutolewa kwa maeneo yasiyozidi mita 1,000; juu ya hapo hewa ya kuipoza ni hafifu, na ni busara kuchukua ukubwa unaofuata. Njombe, iliyo juu zaidi ya Mbeya, huyabeba yote haya kwa kiwango kikubwa zaidi. Mambo haya nayaandika kwa kirefu kwa sababu sijaona dodoso la muuzaji lililouliza kimo cha mahali, na katika mikoa yetu swali hilo lingepaswa kuwa la kwanza.

Kisha tulilinganisha umeme. Kuinua tani 5 kwa saa hadi mita 9 ni kazi ndogo; ukiacha msuguano, inahitaji wati zipatazo 120 tu. Elevata ya ndoo yenye mota ya kilowati 1.5 inaifanya na kubakiza akiba. Mabomba ya hewa, kwa mtindo wa unga kuelea na kukimbia kwa mita 18 hadi 20 kwa sekunde, yangehitaji karibu kilowati 15, kwa sababu nguvu nyingi huenda kwenye hewa yenyewe na si kwenye unga. Ziada hiyo hulipwa TANESCO kila mwezi, muda wote wa uhai wa mtambo. Mama alisikiliza, akauliza swali lililokuwa sahihi kabisa: "Kwa hiyo mabomba hayafai popote?" Yanafaa. Pale ambapo vyanzo ni vingi na mwisho ni mmoja, kufyonza ni njia bora, na bomba likitoboka hewa huingia ndani badala ya vumbi kutoka nje. Pale ambapo chanzo ni kimoja na maghala ni mengi, kusukuma kwa shinikizo hufaa zaidi na hufika mbali. Pale ambapo njia ina kona nyingi na jengo ni la zamani lisilo na nafasi, bomba hupita mahali ambapo elevata isingeingia. Kwake yeye njia ilikuwa imenyooka: juu, kisha pembeni. Aliamua kubaki na blowa fupi ya kuvuta unga kutoka kwenye mashine ya kusagia, ambayo pia huupoza, akaweka saikloni (chombo kinachotenganisha unga na hewa kwa kuizungusha) na mifuko ya kuchujia yenye kitambaa cha kutosha, na kutoka hapo elevata na skrubu fupi hadi kwenye mashine ya kujaza viroba.

Kuhusu unga wa moto kuna jambo la nyanda hizi ambalo nalitaja kwa msisitizo. Unga unaotoka kwenye nyundo za mashine huwa na joto na mvuke. Ukipita ndani ya bomba la chuma lililo nje ya ukuta, Julai, saa kumi na mbili za asubuhi, mvuke ule hugeuka matone ndani ya bomba, na matone hugeuka ukoko. Niliwahi kufungua kiungo cha bomba la namna hiyo na kukuta njia ya sentimita 15 imebaki kama ya 9, ukoko ukiwa mgumu kwa nje na wa kijani kibichi upande uliogusa chuma. Bomba lilirudishwa ndani ya jengo, na sehemu iliyoshindikana ikavishwa blanketi la kuzuia joto kupotea.

Elevata ya ndoo nayo ina masharti yake. Kwa nafaka inaweza kukimbia na kurusha mzigo kwa nguvu ya mzunguko. Kwa unga ni lazima ipunguzwe mwendo, na ndoo zitobolewe matundu madogo chini ili hewa itoke, la sivyo ndoo hujaa hewa nusu na unga nusu, na sehemu ya unga hurudi chini upande wa pili. Chini kabisa, kwenye kiatu cha elevata, daima hubaki unga ambao ndoo hazifikii. Skrubu ya mfereji pia huacha tabaka kati ya bapa lake na sakafu. Mabaki haya yakikaa wiki mbili katika msimu wa mvua huota ukungu na wadudu, kisha huchanganyika na unga mpya. Kwa kiwanda cha chakula cha binadamu naona hili ni sharti la kwanza katika uchaguzi: kama siwezi kufungua kiatu kwa mkono, bila spana, na kukifagia ndani ya dakika chache, basi hakitafagiliwa. Wafanyakazi wana kazi nyingi, na mlango wenye bolti kumi na mbili hubaki umefungwa.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye unga zilipoanza. Virutubishi huwekwa gramu mia chache tu kwa tani nzima. Ukiviweka mapema, halafu unga ukapita kwenye bomba refu, saikloni na hopa ndefu, chembe nzito na nyepesi hupata nafasi nyingi za kuachana. Nashauri kipimishi cha virutubishi kiwe karibu na mwisho wa njia, juu ya skrubu yenye mapezi ya kuchanganya, na baada ya hapo safari hadi kwenye kiroba iwe fupi kadiri inavyowezekana.

Kuachana kwa chembe ni ugonjwa mkubwa zaidi kwenye mbolea zilizochanganywa. Yurea, DAP na potashi zenye punje za ukubwa tofauti zikidondoshwa kutoka juu hadi katikati ya rundo, kubwa hubingirika hadi pembeni na ndogo hubaki katikati, na mkulima wa kiroba cha kwanza hapati mbolea sawa na wa kiroba cha mwisho. Kinachosaidia ni kuchagua punje zenye ukubwa unaokaribiana, na kupunguza kimo cha kudondoka. Punje za mbolea pia hazipendi kusagwa, hivyo naepuka skrubu na kuchagua mkanda wa mpira, wenye chuma kisichoshika kutu mahali ambapo mbolea hugusa. Kwa sababu ya namna hiyo hiyo viwanda vya chai, kama vya Mufindi na Rungwe, hutegemea mikanda: majani makavu yakisuguana mno hupoteza mng'ao na kuwa ya kijivu.

Mbarali ilinifundisha habari ya kulika. Maganda ya mpunga ni mepesi, na mtu anaweza kudhani kwamba hayadhuru kitu, lakini yamejaa silika, madini magumu kama ya mchanga, na yakipulizwa hukwangua chuma. Kona ya bomba ndiyo hutoboka kwanza, upande wa nje wa mkunjo, mahali ambapo kila ganda hugonga. Kasi ya kulika haipandi sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezwa maradufu, kulika huongezeka mara 5 na zaidi. Fundi anayeongeza mwendo wa blowa ili kuondoa kuziba anajinunulia bomba jipya. Dawa tuliyoitumia ilikuwa ni kupunguza mwendo hadi mahali ambapo maganda bado yanakwenda, na badala ya kona laini kuweka kiungo cha umbo la T kilichozibwa upande mmoja, ili maganda yajikusanye pale na yanayofuata yagonge maganda wenzao badala ya chuma. Njia hii hupoteza shinikizo kidogo, nayo haifai kwa chakula kwa sababu ya mabaki, lakini kwa maganda inadumu. Mahindi yaliyoanikwa chini nayo huja na mchanga, kwa hiyo chekeche na sumaku nahesabu kuwa sehemu ya mfumo wa kuhamisha.

Sasa nifike kwenye hatari ambayo kwetu haizungumzwi inavyostahili. Unga mkavu uliotawanyika hewani ndani ya nafasi iliyofungwa unaweza kulipuka. Tarehe 7 Februari 2008, kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, kililipuka na watu 14 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mkanda uliopita chini ya maghala ya sukari ulikuwa umefunikwa kwa mabati mwaka uliotangulia ili kuzuia uchafu, bila kuwekewa mfumo wa kuvuta vumbi, na huenda beringi iliyopata joto kali ndiyo iliyowasha. Nia ya kufunika ilikuwa njema. Kila ninapofunika mkanda au elevata huwa najiuliza vumbi lililomo ndani litatoka kwa njia gani, na joto la beringi nitalijua vipi.

Katika mikoa yetu nimekuta mabomba ya plastiki ya maji taka yakitumika kupuliza unga, kwa sababu ni rahisi kuyapata na kuyaunga. Unga unaokimbia kwenye plastiki hutengeneza umeme wa msuguano. Nimewahi kusogeza mkono karibu na bomba la namna hiyo na kuona nywele za mkono zikisimama, na fundi aliyekuwepo akaniambia kwamba huwa linawapiga kidogo. Nilizima mtambo siku hiyo hiyo. Mabomba yalibadilishwa kuwa ya chuma, kila kiungo kikaunganishwa kwa waya wa ethi, mkanda wa elevata ukawa wa aina isiyokusanya umeme, na kwenye puli ya chini pakawekwa kihisi cha mwendo kinachozima mota mkanda unapoteleza. Kuchomelea ukiwa mtambo unafanya kazi kulipigwa marufuku kwa maandishi ukutani. Haya yote hayakuwa ya gharama kubwa ukilinganisha na bei ya elevata yenyewe.

Lipo pia suala la umeme kukatika, ambalo katalogi za ughaibuni hazilitilii maanani. Umeme ukikatika, unga uliokuwa ukielea ndani ya bomba hulala palepale na kuziba, hasa chini ya bomba la wima. Skrubu husimama ikiwa imejaa, na ikiwashwa tena mota hubeba mzigo mzito tangu mzunguko wa kwanza. Elevata isiyo na breki ya kuzuia kurudi nyuma huachia ndoo zote zilizojaa upande mmoja, zikashuka na kumwaga kila kitu kwenye kiatu. Kwa hiyo nasisitiza breki hiyo, mota na giaboksi zenye nguvu ya kuanza na mzigo, na mfumo wa kuwasha unaoanzia mwisho wa njia kurudi mwanzo, ili kinachopokea kiwe kinazunguka kabla ya kinacholeta. Nauliza pia beringi, mnyororo na mkanda vinapatikana wapi. Kama vinapatikana Mbeya mjini au kwa basi la usiku kutoka Dar es Salaam, ni vizuri. Kama ni vya kuagiza kwa meli, seti ya akiba inunuliwe pamoja na mtambo na iandikwe kwenye bei ile ile, kwa sababu ikiachwa kwa bajeti ya mwaka ujao haitanunuliwa.

Baada ya yote hayo ndipo tunafungua katalogi, na kwa kawaida uchaguzi unakuwa umekwisha kujichuja wenyewe hadi kubaki njia moja au mbili. Katika mkataba sikubali maneno "tani 5 kwa saa" peke yake. Yanaandikwa pamoja na jina la kitu, uzito wake kwa mita ya ujazo kama tulivyoupima kwenye ndoo, unyevu wake, na kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Sampuli ya kilo kadhaa hufungwa kwenye mifuko miwili iliyotiwa sahihi, mmoja kwa muuzaji na mmoja kwetu. Sehemu ya malipo hubaki hadi siku ya majaribio, ambayo hufanyika hapa hapa na si kiwandani kwa muuzaji: mtambo huendeshwa kwa saa nzima, viroba vinavyotoka hupimwa kimoja baada ya kingine, kisha katikati ya kazi swichi kuu huzimwa bila taarifa, mtambo huachwa ukiwa umejaa kwa nusu saa, na huwashwa tena bila mtu yeyote kufungua kifuniko. Ukigoma, fundi wa muuzaji huanza kazi papo hapo, na hundi ya mwisho hubaki kwenye droo ya mhasibu.